Lindo la Kando ya Kitanda

Kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, hapo Nyamyumba ambapo vilima vya Rubavu vinashuka hadi Ziwa Kivu, maji ya moto hububujika kutoka ardhini, karibu sana na ufuko. Wenyeji huyaita Amashyuza. Asubuhi, umande ungali majanini, watu huwa wamekwisha kufika: mwenye baridi yabisi, mwenye kiuno kilichokazana, mama aliyeshinda jana kutwa akibeba mzigo wa viazi. Kila mmoja hutafuta jiwe lake, akakaa, akatia miguu majini taratibu, akanyamaza. Huko ziwani wavuvi wa sambaza hurejea na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakipiga makasia kwa nyimbo.

Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja, askari mstaafu, akiukanda mguu wake wa kushoto. Kovu lilianzia chini ya goti likashuka hadi kifundoni, pana kama ukanda wa bunduki.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, afande." Nilikuwa nimevaa nguo za kiraia, lakini askari humtambua askari hata akivaa kanzu. "Kazi yako ni ipi huko jeshini?"

"Uhusiano, mzee. Naandika habari za jeshi magazetini."

"Vema. Umekwisha kuandika habari za akina sista?"

Nilikiri kwamba bado.

"Basi andika. Kila siku mwatuandikia habari za waliofyatua risasi. Mguu huu haukuokolewa kwa bunduki."

Hakunieleza zaidi ya hapo, nami sikumdadisi alijeruhiwa wapi wala lini. Askari mzee hasailiwi kama mahabusu. Lakini maneno yake yalinichoma kidogo, na sababu naijua. Katika shule ya maofisa niliyosomea, somo la huduma ya kwanza lilipangwa baada ya chakula cha mchana, na wengi wetu tulilihudhuria kwa mwili tu. Tuliweza kuifungua bunduki na kuiunga tena gizani, lakini tukiulizwa damu ya mshipa mkubwa huzuiwaje, tulitazamana. Tulidhani hiyo ni kazi ya watu wengine, watu wa nyuma, wasiohesabiwa katika mapigano. Fikra hiyo si ya makadeti peke yao. Imo vikosini, imo katika vituo vya polisi, nayo humfanya askari aliyepona hospitalini alikumbuke jina la kamanda wake, asilijue la aliyemfunga jeraha.

Nimechagua, kwa hiyo, kusimulia habari za wauguzi wa jeshi la Australia. Msomaji aweza kuuliza: kwa nini kwenda mbali kiasi hicho? Jibu ni kwamba wao ndio waliokuja karibu. Kuanzia Agosti 1994 hadi Agosti 1995 walikuwa Kigali, safari ya saa chache tu kwa gari kutoka kwenye maji haya ya moto, wakati ambapo hospitali za Rwanda zilikuwa zimeporwa, na wauguzi wake wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Tena hawakuja kama watu wasiojua vita. Nyuma yao kulikuwa na karibu miaka mia moja ya kuuguza askari mbali na kwao, na mapokeo hayo, kwa sadfa, yalianza katika bara hili hili la Afrika.

Katika Vita vya Makaburu, vilivyopiganwa Afrika Kusini kuanzia 1899 hadi 1902, wauguzi wapatao sitini walitoka makoloni ya Australia kwenda kuhudumu. Wengine walilipiwa na serikali zao, wengine na wafadhili, na wapo waliojilipia nauli wenyewe. Frances Hines, mwenyeji wa Victoria, hakurudi. Aliachiwa wagonjwa hadi ishirini na sita awauguze peke yake, naye hakuwa akipata chakula cha kutosha, mpaka akashikwa na homa ya mapafu. Alifariki Bulawayo tarehe 7 Agosti 1900 akazikwa kwa heshima za kijeshi. Ndiye muuguzi wa kwanza wa Australia kufa katika utumishi wa vita. Hakupigwa risasi, alichoka mpaka mwili ukashindwa kujitetea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, Australia ilipeleka ng'ambo wauguzi wa jeshi zaidi ya 2,000. Walihudumu Misri, Ufaransa, Ubelgiji, Ugiriki, India, na ndani ya meli za hospitali. Kati ya vituo hivyo vyote nitasimama kwenye kimoja tu, nacho ni kisiwa cha Lemnos nchini Ugiriki. Mwezi Agosti 1915, majeshi ya Waingereza na wenzao yakiwa yanapigana na Waturuki katika rasi ya Gallipoli, Hospitali Kuu ya 3 ya Australia ilipelekwa kisiwani hapo chini ya matroni Grace Wilson. Wauguzi walifika. Vifaa vyao havikufika. Shehena ya mahema, vitanda na dawa ilichelewa kwa majuma, lakini majeruhi hawakuchelewa hata siku moja: waliletwa kwa mamia wakalazwa juu ya mawe, wengi wakiharisha damu, na maji yalikuwa ya kugawiwa kwa kipimo. Wauguzi walichana nguo zao wenyewe wakapata vitambaa vya kufungia vidonda. Afisa wa ugavi ambaye macho yake yataangukia ukurasa huu na airudie aya hii mara mbili.

Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 22 Julai 1917, ndege za Wajerumani zilidondosha mabomu juu ya kituo cha kupokelea majeruhi cha Waaustralia mahali paitwapo Trois Arbres, kaskazini mwa Ufaransa. Wauguzi wanne, Alice Ross-King, Dorothy Cawood, Clare Deacon na Mary Jane Derrer, walikimbia, lakini walikimbilia kwenye mahema yanayoanguka, siyo kwenye mahandaki. Walitunukiwa Medali ya Kijeshi, nishani ya ushujaa waliyopewa askari wa kawaida kwa kitendo kilichofanyika chini ya moto wa adui. Hata hivyo jeshi lao lilikuwa bado halijaamua liwaweke fungu gani, kwani hawakuwa askari kamili, wala hawakuwa raia. Vyeo kamili vya kijeshi walikuja kuvipata mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili.

Na vita hiyo ya pili ndiyo iliyoleta habari ambayo kila askari yampasa kuijua, awe wa nchi kavu, wa majini au wa anga, hali kadhalika kila polisi anayelinda mahabusu.

Tarehe 12 Februari 1942, Singapore ikiwa karibu kuanguka mikononi mwa Wajapani, wauguzi 65 wa jeshi la Australia walipandishwa katika meli iitwayo Vyner Brooke. Hawakutaka kuondoka, kwa maana wodi walizoziacha zilikuwa zimejaa majeruhi. Waliondoka kwa amri. Siku mbili baadaye ndege za Wajapani ziliizamisha meli hiyo karibu na kisiwa cha Bangka. Wauguzi 12 walipotea baharini. Wengine walielea kwa saa nyingi, mmoja mmoja na makundi makundi, wakatupwa pwani mahali mbalimbali.

Wauguzi 22 walijikuta kwenye ufuko mmoja uitwao Radji, pamoja na mabaharia, raia, na askari wa Kiingereza waliojeruhiwa. Hapakuwa na chakula wala dawa. Ilikubaliwa kwamba wote wajisalimishe. Wanawake wa kiraia na watoto walitangulia kwa miguu kuelekea mjini. Wauguzi wangeweza kufuatana nao. Walibaki, kwa sababu majeruhi hawakuweza kutembea, na mgonjwa asiyeweza kutembea haachwi. Walishona alama ya msalaba mwekundu, wakangoja.

Tarehe 16 Februari askari wa Kijapani walifika. Wanaume waliongozwa hadi nyuma ya jabali na kuuawa. Kisha wauguzi waliamriwa waingie baharini wakiwa wamejipanga mstari mmoja, wakitazama upeo wa bahari, na bunduki ya rashasha ikawamiminia risasi kwa nyuma. Ushahidi ambao mwandishi Lynette Silver aliuchapisha mwaka 2019 waonyesha kwamba kabla ya hapo walinajisiwa, na kwamba jambo hilo lilifichwa makusudi kwa miaka mingi. Ishirini na mmoja walikufa. Mmoja, Vivian Bullwinkel, risasi ilimpita ubavuni juu ya nyonga. Alielea kifudifudi, akajifanya maiti, hadi wauaji walipoondoka.

Alitambaa hadi msituni. Huko alimkuta askari mmoja Mwingereza, Patrick Kingsley, aliyekuwa na majeraha mabaya kuliko yake. Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapotaka usimame kidogo. Mwanamke huyu ana tundu la risasi mwilini. Wenzake wote wamekwisha kufa mbele ya macho yake. Hana bendeji wala dawa. Alifanya nini? Alimwuguza Kingsley. Kwa siku kumi na mbili alimtafutia maji, akamfunga vidonda kwa nyuzi za minazi, akaenda kijijini kuomba chakula kwa akina mama. Hatimaye walijisalimisha pamoja. Kingsley alifariki muda mfupi baadaye.

Bullwinkel alikaa kifungoni miaka mitatu na nusu. Wenzake waliomo kambini waliijua siri ya Radji, wakaificha, kwani kama walinzi wangelijua kwamba yupo shahidi, shahidi huyo asingeliiona kesho. Kati ya wale wauguzi 65, waliorudi kwao walikuwa 24. Mwaka 1946 alitoa ushahidi mbele ya mahakama ya uhalifu wa kivita mjini Tokyo. Kisha akarudi wodini. Alifika cheo cha juu cha uuguzi katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Fairfield, mjini Melbourne, hadi alipostaafu mwaka 1977. Alifariki mwaka 2000. Mwaka 2023 sanamu yake ilisimamishwa katika Makumbusho ya Vita ya Australia mjini Canberra.

Bahari yetu pia ina makaburi ya aina hiyo. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo katika msafara wa meli kadhaa, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu wapatao 1,300. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, vijana wa huku kwetu, na pamoja nao walikufa wanawake zaidi ya sabini, wengi wao wakiwa wauguzi wa jeshi. Hao hawakuwa Waaustralia. Nimewataja kwa sababu askari wa Afrika Mashariki na muuguzi walilala pamoja chini ya maji yale yale, na kila mwaka wa kumbukumbu ya mashujaa nimesikia wakitajwa mara chache mno.

Sasa turudi Rwanda.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994. Katika muda wa siku mia moja hivi, waliouawa, kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda, walizidi milioni moja. Umoja wa Mataifa umekuwa ukitaja watu 800,000. Umoja huo ulikuwa umepunguza askari wake wakati mauaji yakiendelea. Tarehe 17 Mei uliamua kuwaongeza hadi 5,500, lakini nchi nyingi zilisitasita, na askari walio wengi walifika mauaji yakiwa yamekwisha. Hiyo ni aibu isiyofunikika kwa maneno, na sisi tulio katika kazi ya maneno tusijaribu kuifunika.

Mwezi Julai barabara hizi za Gisenyi zilijaa watu, mafurushi na ng'ombe, vyote vikielekea mpakani. Mji wa Gisenyi ulichukuliwa na majeshi ya RPF tarehe 17 Julai. Ng'ambo ya mpaka, Goma, juu ya ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika choo wala kaburi, kipindupindu na kuharisha damu vikaua watu wapatao 50,000 katika mwezi mmoja. Wazee wa Nyamyumba waliokuwapo hawaisimulii Julai hiyo kwa kirefu.

Australia ilipeleka kundi la matabibu kwenda kukihudumia kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR. Kila awamu ilikuwa na watu wapatao 300: madaktari, wauguzi, mafundi, watu wa ugavi, pamoja na kombania ya askari wa miguu ya kuwalinda. Walitoka katika majeshi yote matatu, la nchi kavu, la anga na la majini. Awamu ya kwanza, chini ya Kanali Wayne Ramsey, iliingia Agosti 1994. Ya pili, chini ya Kanali Peter Warfe, iliipokea Februari 1995. Madaktari bingwa wengi walikuwa wa akiba, waliokuja kwa majuma machache kisha wakabadilishwa. Wauguzi walikaa. Wanaume walikuwamo miongoni mwao, jambo ambalo lingewashangaza akina Frances Hines.

Walipewa sehemu ya Hospitali Kuu ya Kigali. Wodi zilikuwa zimeporwa, sakafu na kuta zina damu iliyokauka na kinyesi, maji hayatoki bombani, umeme hakuna, na nje, majanini, mtu hakujua mguu wake unakanyaga nini. Kabla ya kumgusa mgonjwa mmoja, walishika mafagio na ndoo. Walisugua kwa siku nyingi, maofisa kwa askari. Nimezungumza na watu wa tiba wa jeshi mara kadhaa kuhusu jambo hili, na wote wamenijibu vilevile: deki ni sehemu ya upasuaji.

Amri yao iliandikwa waziwazi. Walikuja kuwatibu watumishi wa Umoja wa Mataifa, yaani askari kutoka Ethiopia, Ghana, Zambia, Malawi, India na kwingineko, waliotapakaa nchi nzima. Nafasi ikizidi, ndipo wananchi wahudumiwe. Hospitali ya vita hupangwa kwa mwili wa kijana mwenye afya njema aliyepigwa risasi: ukubwa wa mirija, vipimo vya dawa, idadi ya chupa za damu. Lakini aliyefika langoni hakuwa huyo. Alikuja mtoto aliyekanyaga bomu la kutegwa ardhini akichunga mbuzi. Alikuja mama ambaye uchungu wa kuzaa umemshika siku ya pili. Alikuja mwenye kidonda cha panga kilichooza kwa miezi, mwenye pepopunda, mwenye malaria iliyopanda kichwani, na waliopinduka na lori barabarani.

Hapo ndipo lilipo fundo la habari hii. Mathalani kuna kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi kilicho wazi, chenye mashine ya kupumulia. Kijana wa Kinyarwanda ameletwa. Akiwekwa hapo huenda akapona, lakini atakikalia kitanda majuma mawili. Kesho gari la Umoja wa Mataifa likikanyaga bomu, yule askari ambaye kwa ajili yake hospitali hii ilivushwa bahari atalazwa wapi? Kamanda anayeuliza swali hilo si mtu mbaya. Ana wajibu kwa askari wa mataifa walioahidiwa kwamba wakiumia watatibiwa, na askari asiye na ahadi hiyo hathubutu kutoka kambini. Muuguzi naye si mjinga wa amri. Lakini yeye ndiye aliye kando ya kitanda, na kijana yule anamtazama yeye, hamtazami kamanda.

Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, katika ibara yake ya 12, wasema kwamba baina ya majeruhi ni haja ya haraka ya kitabibu tu ndiyo iamuayo nani atibiwe kwanza. Uraia, kabila, dini na upande havina sauti. Ibara hiyo iliandikwa kwa ajili ya wapiganaji waliojeruhiwa, wala haikuitaja foleni ya raia kwenye lango la hospitali ya Kigali. Hata hivyo muuguzi aliyelelewa katika sheria hiyo hawezi kuivua kama aproni anapomwona raia. Ikawa wananchi wakapokewa, wengi, kadiri nafasi ilivyoruhusu, na mara nyingine nafasi ilipatikana kwa sababu muuguzi aliitafuta. Wengine walikataliwa. Hilo nalo lazima lisemwe. Wapo waliotibiwa wakapata nafuu, kisha wakahamishiwa upande wa pili wa hospitali ile ile, ambako dawa zilikuwa haba na wahudumu wachache, na muuguzi aliyemhamisha mgonjwa wake alijua anampeleka wapi. Watu wengi waliotumikia vita husema kwamba mzigo mzito kuliko yote ni ule wa kuchagua. Kwa askari wa miguu siku ya kuchagua huja mara moja moja. Kwa wale ilikuja kila asubuhi, kabla ya chai.

Daktari mpasuaji hukata, akashona, akaondoka. Usiku ni wa muuguzi. Mgonjwa wa pepopunda hutaka chumba chenye giza na ukimya, kwa maana mlango ukibamizwa tu mwili wake wote hukakamaa. Ni nani basi wa kuukalia mlango huo mpaka alfajiri? Mtoto aliyekatwa mguu huamka akautafuta mguu wake. Hawakujua Kinyarwanda, na Kifaransa walichokuwa nacho kilikuwa cha kuokoteza; mkalimani akienda kulala, ilibaki mikono na uso. Zaidi ya hayo, virusi vya UKIMWI vilikuwa vimeenea sana mjini Kigali, na katika miaka hiyo dawa mchanganyiko za kuvidhibiti zilikuwa bado hazijapatikana. Sindano moja ikiteleza kidoleni, muuguzi alikuwa na sababu ya kuhesabu siku zake. Waliendelea kuchoma sindano.

Kisha ikaja Kibeho. Hiyo ilikuwa kambi ya watu waliokimbia makwao, kusini-magharibi mwa nchi, ambayo serikali mpya iliamua kuifunga, ikisema kwamba miongoni mwa wakimbizi wamejificha waliohusika na mauaji ya kimbari. Aprili 1995 Waaustralia 32, matabibu na askari wa miguu, walipelekwa huko kuhudumia wagonjwa. Tarehe 22 Aprili askari wa jeshi la serikali waliokuwa wameizingira kambi waliwafyatulia risasi watu waliosongamana. Serikali ilitaja vifo 338. Waaustralia waliokuwapo walikadiria watu wasiopungua 4,000. Tume ya kimataifa iliyochunguza haikuweza kuthibitisha idadi. Waaustralia hawakuwa na idhini ya kupigana. Walichoweza kufanya ni kuokota majeruhi, kuwafunga, kuwabeba kwa machela na kuwasafirisha, risasi zikiwa zingali zinalia. Kule Kigali wenzao walipokea mmoja baada ya mmoja, meza za upasuaji zikakosa kupoa. Wanne walitunukiwa Medali ya Ushujaa, mmojawao akiwa daktari mwanamke, Kapteni Carol Vaughan-Evans.

Agosti 1995 waliondoka. Wengi walirudi kwao na kitu ambacho hakikuonekana katika ukaguzi wa mizigo: usingizi uliokatika, harufu zinazorejea bila kuitwa, hasira isiyo na anwani. Kwa miaka kadhaa utumishi wao uliandikwa katika fungu la shughuli za amani. Ilikuwa mwaka 2006 ndipo serikali ya Australia ilipoubadili ukahesabiwa kuwa utumishi wa kivita, na medali na haki zake zikafuata. Miaka kumi na mmoja ni mirefu kwa mtu anayengoja kuambiwa kwamba alichokiona kilikuwa vita.

Rwanda nayo haikubaki mpokeaji. Jeshi lake lina hospitali yake Kanombe, na madaktari na wauguzi wake wamehudumu katika hospitali ya Umoja wa Mataifa huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ningependa kujua wanapofika langoni asubuhi ya kwanza, wakaikuta foleni ya raia, huambiana nini. Nadhani hawahitaji kuelezwa mengi.

Niliyasimulia mengi ya haya kwa yule mzee wa Nyamyumba, miguu yetu ikiwa majini, maana nilikuwa nimeivua viatu na mimi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye habari ya Radji aliacha kuukanda mguu.

"Yule sista wa msituni," alisema, "ulisema anaitwa nani?"

"Vivian Bullwinkel, mzee."

Alilijaribu jina hilo mara mbili, likamshinda, akacheka kidogo. Kisha akautoa mguu majini, akaufuta kwa shati lake la zamani, akateremsha suruali kufunika kovu.

"Wangu sikumwuliza jina," alisema, akaanza kufunga kamba za kiatu.